Pombe ndani ya damu: kwa nini karatasi ya labo ya mama haisomwi kama ile ya baba

Chukua karatasi mbili za labo. Moja ni ya bwana, ingine ni ya bibi yake. Ku zote mbili, pembeni ya neno gama-GT, wameandika 50. Namba ni ileile, mashine ni ileile, siku ni ileile. Hata hivyo, munganga mwenye kusoma vizuri atamwambia bwana kama yeye angali ndani ya mpaka, kisha atamgeukia bibi na kumuomba wabakie kidogo waongee. Hapo hakuna upendeleo wala dharau kwa wanawake. Ni kwamba ku labo nyingi mpaka wa bwana unafika karibu 60, na ule wa bibi unaishia karibu 40.

Wengi kati yenu ku Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Uvira ao Kalemie mumekwisha kuona jina hilo la gama-GT ku karatasi za hospitali kubwa. Ni kimoja kati ya vipimo vya ini. Kinahesabiwa pia kati ya alama za damu zenye kusaidia kujua kama mtu anakunywa pombe kupita kiasi, hata wakati mwenyewe anakataa. Sasa, alama hizo haziongei lugha moja kwa wanaume na kwa wanawake, na hata watu wa kazi wanasahauka jambo hilo. Mwenye kusahau anaweza kuacha mama mgonjwa arudi nyumbani akiamini ni mzima. Anaweza pia kumuita mlevi mama ambaye hajagusa hata tone.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Mwanaume anayekunywa ku nganda, mtaa mzima unamuona, na mara nyingi unamucheka tu. Mwanamke anakunywaka mara nyingi nyumbani, mlango umefungwa, sababu anajua majina atakayopewa. Kuna pia wamama wenye kupika kanyanga, lutuku ao mandrakwa ili walipe masomo ya watoto: kazi yao inawalazimisha kuonja kila wanapotoa, na hakuna mwenye kuhesabu vikombe hivyo vya kuonja. Kama mtu hasemi anachokunywa, damu yake inabaki kuwa shahidi. Basi ni lazima kujua namna shahidi huyo anavyoongea.

Gramu 28 na sufuria mbili

Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye alkoli asilimia 5, inabeba karibu gramu 28 za alkoli safi. Shirika la Afya Duniani, ile OMS, ku fomu yake ya maswali juu ya pombe, linahesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10. Kwa hiyo yule mwenye kusema « miye ninakunywaka chupa moja tu » amekunywa karibu vinywaji vitatu. Kanyanga haina karatasi ya kuonyesha nguvu yake, kila mpishi ana yake, kwa hiyo hapo hesabu inakuwa ya kubahatisha.

Alkoli ikiisha kuingia mwilini, inaenea ndani ya maji ya mwili. Ndani ya mafuta haiingii sana. Mwili wa mwanaume ni maji karibu asilimia 60. Ule wa mwanamke ni karibu asilimia 50, sababu kwa maumbile ana mafuta zaidi na misuli kidogo. Tuweke bwana na bibi ku mizani, kila mmoja kilo 60. Bwana ana litre 36 za maji, bibi ana litre 30. Wote wamalize chupa moja. Kwa bwana, kila litre ya maji inapata karibu gramu 0,8 za alkoli. Kwa bibi inapita 0,9. Mama yeyote mwenye kupika anaelewa: tia kijiko kilekile cha chumvi ndani ya sufuria kubwa na ndani ya sufuria ndogo, kisha onja. Na kwa kawaida bibi hana kilo 60 wakati bwana ana 60, yeye ni mwepesi zaidi, kwa hiyo tofauti inazidi kupanuka.

Katika mwaka wa 1990 kundi la watafiti wa Italia na Marekani, wakiwemo Mario Frezza na Charles Lieber, lilionyesha kintu kingine. Ndani ya tumbo kuna enzimu yenye kuanza kuvunja alkoli mbele haijafika ku damu, na kwa wanawake waliopimwa enzimu hiyo ilifanya kazi kidogo kuliko kwa wanaume. Watafiti wengine walikuja kubishana nao, wakisema kazi ya tumbo ni ndogo na ini ndilo linafanya karibu yote. Mabishano hayo yaliendelea miaka mingi. Hesabu ya maji, yenyewe, hakuna aliyeipinga.

Matokeo yanaonekana ku ini. Ku muji wa Copenhagen, Denmark, watafiti walifuata watu zaidi ya 13.000 kwa miaka 12, na katika 1996 wakatoa hesabu yao. Kwa wanaume, hatari ya ugonjwa wa ini ilianza kupanda kuanzia vinywaji 14 mpaka 27 kwa juma. Kwa wanawake, ilianza kuanzia 7 mpaka 13. Kinywaji chao kimoja ni gramu 12. Tukigeuza katika chupa zetu za 72, ni kusema chupa 6 kwa juma kwa baba, na chupa 3 kwa mama. Chupa tatu kwa juma! Kuna wamama wengi wa heshima, wenye kuimba ku korali na kulipa likelemba bila kuchelewa, ambao wanapita hapo bila mtu yeyote, hata wao wenyewe, kufikiri neno ulevi.

Namba ya ini

Gama-GT ni enzimu yenye kukaa hasa ku ngozi ya chembe za ini na za njia ya nyongo. Mtu akikunywa sana kwa majuma kadhaa, ini linatengeneza enzimu hiyo kwa wingi na sehemu yake inamwangika ndani ya damu. Karamu ya usiku moja haitoshi kuipandisha kwa kawaida. Na mtu akiacha pombe, inashuka nusu kwa majuma mawili ao matatu hivi.

Mipaka ya 60 na 40 ilitoka wapi? Walipima watu wengi wazima, wasio na ugonjwa wa ini, wakaona kama wanaume wana gama-GT ya juu kuliko wanawake hata wakati hakuna anayekunywa. Ndiyo maana kila upande una mpaka wake. Kama karatasi ya labo imeandikwa mpaka mmoja tu, ule wa wanaume, mama mwenye 50 ao 55 atapita kama vile gari lenye kupita barriere usiku, askari amelala.

Ni vilevile kwa transaminazi, zile ambazo labo zetu zinaandika GOT na GPT. Kwa GPT, watafiti wa Italia walipendekeza katika 2002 mpaka wa 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake, chini sana ya ule wa 40 ambao waganga wengi walifundishwa shuleni. GOT ikiwa mara mbili ya GPT ao zaidi, munganga anafikiri pombe, awe mwanaume ao mwanamke.

Lakini hapa tuende polepole. Gama-GT inapandishwa na mambo mengi yasiyo pombe. Rifampicini ya kutibu kifua kikuu inaweza kuipandisha. Fenobarbitali ya kifafa pia, na kifafa kiko kingi kwetu. Efavirenzi, ambayo wagonjwa wengi wa VIH walimeza kwa miaka mingi, nayo ni hivyo. Unene, sukari, hepatiti, na mawe ndani ya mfuko wa nyongo, ugonjwa wenye kupata wanawake zaidi kuliko wanaume. Basi mama mwenye kumeza dawa za kifua kikuu, akipatikana na gama-GT ya 90, mtu asikimbilie kusema anajificha na chupa. Kwanza aulizwe anameza nini.

Damu pungufu inaficha

Hapa ndipo pana shida kubwa zaidi kwa mikoa yetu, na kwa maoni yetu haijaongelewa vya kutosha.

Ku karatasi ya hesabu ya damu, ile NFS ambayo hata hospitali ndogo inaweza kufanya, kuna herufi tatu: VGM. Maana yake ni ukubwa wa chembe nyekundu za damu, kwa kipimo cha kati. Mtu mzima anakuwa kati ya 80 na 100. Pombe nyingi, kwa miezi, inavimbisha chembe hizo, na VGM inapita 100. Inachukua muda kupanda na kushuka, sababu chembe nyekundu inaishi karibu siku 120. Kwa hiyo VGM haisemi juu ya jana, inasema juu ya msimu uliopita.

Sasa tuongeze upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa Congo katika 2013 na 2014 ulikuta karibu wanawake 4 kwa 10, wenye umri wa kuzaa, wana damu pungufu. Sababu munazijua: damu ya kila mwezi, mimba zenye kufuatana, malaria, minyoo, sahani isiyo na nyama. Mara nyingi ni chuma, yaani madini ya feri, ndiyo inakosekana. Na mtu akikosa feri, chembe nyekundu zinakuwa ndogo.

Pombe inavuta VGM kwenda juu, kukosa feri kunaivuta kwenda chini. Mama mwenye kuwa na yote mawili anaweza kutoka labo na VGM ya 90, namba nzuri sana, ya mtu mzima kabisa. Magonjwa mawili yamefichana. Kwa mwanaume hilo linatokea pia, lakini yeye hapotezi damu kila mwezi na hazai. Na kinyume chake kipo: mama mwenye kukosa vitamini ya folati, ao mwenye kumeza dawa ya VIH inayoitwa AZT, VGM yake inaweza kupita 100 bila hata kikombe kimoja cha kasiksi.

Feri inaleta fujo pia ku kipimo kingine chenye jina la CDT. Ndani ya damu kuna proteini inayoitwa transferini, kazi yake ni kubeba feri, kama vile chukudu yenye kubeba mizigo. Transferini ina matawi madogo ya sukari. Mtu akikunywa gramu 50 mpaka 80 kila siku, ni kusema chupa kubwa mbili ao tatu, kwa juma moja ao mawili, transferini zinaanza kutoka bila matawi yake. Helena Stibler na wenzake, ku Sweden, ndio walioliona jambo hilo katika miaka ya 1970. Faida ya CDT ni kwamba magonjwa mengi ya ini na dawa nyingi haziipandishi. Kwa hiyo ikipanda, pombe ndiyo inashitakiwa kwanza.

Shida ni kwamba mwili wenye kukosa feri unatengeneza transferini nyingi, kama vile unatafuta chukudu zaidi wakati mizigo ni michache. Mimba nayo inafanya hivyo. Transferini zikiwa nyingi, hata zile zisizo na matawi zinaongezeka kwa hesabu, bila pombe. Ndiyo sababu mashine za kwanza ziliwekewa mipaka miwili: 20 kwa wanaume na 26 kwa wanawake. Tazama vizuri, hapa mpaka wa mama ndio uko juu, kinyume na gama-GT. Mtu aliyejifunza kwa moyo kama « mwanamke ni namba ya chini » atakosea hapa. Siku hizi wanapima CDT kama sehemu ya transferini yote, kwa asilimia, na mpaka ni 1,7 kwa wote, wababa na wamama. Hilo limepunguza fujo la feri, ijapokuwa mimba bado inasukuma asilimia hiyo juu kidogo. Hata hivyo, kwa kiasi kilekile cha pombe, CDT inakamata wanaume zaidi kuliko wanawake. Mama mwenye CDT nzuri hajathibitisha kitu.

Kipimo kisichobagua

Kuna alama moja ambayo inazaliwa tu kama alkoli yenyewe iko ndani ya mwili. Wataalamu wanaiita PEth. Alkoli inapokutana na mafuta ya ngozi ya chembe nyekundu, yanaungana na kufanya kitu kipya, ambacho mwili hauwezi kukitengeneza bila pombe. Hepatiti haikifanyi, rifampicini haikifanyi, unene haukifanyi. Kinabaki ndani ya damu majuma mawili mpaka manne, hata zaidi kwa mwenye kukunywa sana. Wataalamu waliokutana Basel, Uswisi, walikubaliana katika 2022 juu ya namba mbili: chini ya 20 nanogramu kwa mililita, mtu hakunywi ao anakunywa kidogo sana, kuanzia 200, anakunywa sana. Namba hizo ni zilezile kwa wanaume na wanawake.

Na haikupimwa Ulaya tu. Ku Mbarara, Uganda, ule muji ambao wafanyabiashara wetu wa Kivu wanapitaka wakielekea Kampala, watafiti wa Uganda na Marekani walitumia PEth kwa watu wenye VIH. Matokeo ya mwaka wa 2012 yalionyesha kama kinatambua vizuri wanaokunywa na wasiokunywa. Tafiti zilizofuata zikakuta watu wasio wachache waliosema « sikunywi », wakati damu ilisema mengine. Si kwamba watu wa kule ni wakongo kwa kusema. Mgonjwa wa VIH anajua kama dokta atamkemea, anaogopa hata kunyimwa dawa, kwa hiyo anatoa jibu lenye kumpendeza dokta. Kwetu iko vilevile.

Tone la damu linaweza kukaushwa ku karatasi ya pekee na kusafirishwa mbali, bila barafu ya kutunza kwa siku chache. Mashine ya kusoma, yenyewe, ni ya bei kali sana na inaomba fundi wa pekee. Hospitali za kawaida za zoni zetu za afya hazina mashine hiyo. Kwa hiyo kipimo kisichobagua mama na baba kiko mbali, na vile vyenye kuomba akili ya kusoma mara mbili ndivyo viko karibu.

Tumbaku na vidonge

Pombe si peke yake. Mwenye kuvuta ao kutafuna tumbaku, damu yake inabeba kotinini, mabaki ya nikotini, na kwa hiyo munganga anaweza kujua kama mtu ameacha kweli. Wanawake wanavunja nikotini haraka kuliko wanaume, sababu hormoni ya kike estrojeni inaamsha enzimu ya ini yenye kufanya kazi hiyo. Mwenye kumeza vidonge vya kupanga uzazi, haraka zaidi. Mwenye mimba, zaidi tena: kotinini yake inapungua nusu kwa saa 9 hivi, wakati baada ya kuzaa inachukua karibu saa 17. Mama mja mzito mwenye kotinini kidogo si lazima awe anavuta kidogo. Mwili wake umefagia haraka.

Kwa vidonge vya usingizi, ni kinyume. Katika mwezi wa kwanza wa 2013, serikali ya Marekani, kwa njia ya ofisi yake ya dawa, iliomba kipimo cha zolpidemu kwa wanawake kipunguzwe nusu, kutoka miligramu 10 mpaka 5. Asubuhi, wamama walikuwa bado na dawa nyingi ndani ya damu kuliko wababa, na walikuwa wanashika usukani wa gari. Dawa hiyo ilikuwa imeuzwa tangu miaka 20 hivi.

Miaka 20, ndiyo. Jambo hilo lina historia. Katika 1977, ofisi hiyohiyo ilikuwa imetoa mwongozo wa kuweka pembeni wanawake wenye kuweza kuzaa katika majaribio ya kwanza ya dawa, ili kulinda mimba. Nia ilikuwa nzuri. Lakini kwa miaka mingi mwili wa mwanaume ukawa ndio mizani ya wote. Ni katika 1993 tu ndipo sheria ya Marekani ililazimisha utafiti wenye kulipwa na serikali juu ya watu uweke na wanawake ndani. Ku utafiti wa ulevi, hali ilikuwa mbaya zaidi, sababu wanaume ndio walijaa ku vituo vya matibabu.

Siku hizi watafiti wanatafuta alama mpya. Ku Málaga, Hispania, kikundi kimoja kimepima ndani ya damu ya watu wanaotibiwa ulevi wa pombe na kokeini mafuta madogo yenye kufanana na bangi ambayo mwili unajitengenezea, pamoja na ujumbe wa kinga ya mwili wenye kuongoza uvimbe. Wanakuta tofauti kati ya walevi na wasio walevi, na mara nyingine kati ya wanaume na wanawake. Ni kazi nzuri, lakini bado ni kazi ya labo za utafiti. Mtu akikuuzia kipimo cha damu chenye « kuonyesha kama wewe ni mlevi ndiyo ao hapana », weka franga zako mfukoni.

Maswali matatu mbele ya sindano

Kuna kipimo ambacho hakiombi moto wa umeme. OMS ilitengeneza maswali kumi juu ya pombe, na matatu ya kwanza yanatosha kuanza: unakunywa mara ngapi, siku ya kukunywa unakunywa vinywaji vingapi, na ni mara ngapi unafika sita ao zaidi. Sita, kwa hesabu yetu, ni chupa mbili kubwa tu. Kila jibu lina alama 0 mpaka 4, jumla ni 12. Kwa mwanaume, kuanzia 4 munganga anapaswa kuongea naye zaidi. Kwa mwanamke, kuanzia 3. Hata maswali, basi, yana mipaka miwili.

Yanafanya kazi kama yameulizwa bila kukemea, na bila bwana, mama mkwe ao jirani kusikiliza. Hapa tuseme wazi: karatasi ya labo ni ya mgonjwa. Siri ya kazi ya munganga inalindwa na sheria ya makosa ya Congo. Gama-GT si ushahidi wa kupeleka mbele ya baraza la familia ili mtu afukuzwe ku nyumba, na sisi ku radio tunapokea simu za kutosha juu ya mambo ya namna hiyo.

Mama mwenye kwenda kupimwa ini aseme mwenyewe, hata kama hakuulizwa: dawa zote anazomeza, pamoja na za kienyeji, kama ana mimba ao anafikiri anayo, kama aliwahi kuambiwa damu ni pungufu. Aombe pia NFS isomwe pamoja na vipimo vya ini, siyo kila karatasi peke yake. Mpaka ulioandikwa pembeni ya namba, aangalie kama ni wa wanawake.

Kwa mwenye mimba, kuna neno moja zaidi. Vipimo hivi vingi vinaamka wakati kunywa kumekuwa kwingi. Mtoto aliye tumboni hangojei. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwake, na karatasi nzuri ya gama-GT haimlindi.

Na yule ambaye amesoma mpaka hapa, anakunywa kila siku, na anataka kuacha kesho asubuhi: asiache peke yake kwa ghafla. Mwili uliozoea pombe nyingi, ukikatiwa mara moja, unaweza kutetemeka, kutoa jasho, kuona vitu visivyoko, hata kuanguka kifafa, mara nyingi kati ya saa 6 na siku 3 za kwanza. Wengine wanakufa. Aende ku kituo cha afya, aseme anakunywa kiasi gani na kinywaji cha mwisho kilikuwa saa ngapi. Huko wanaweza kumpa dawa za kutuliza kwa siku chache, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Ile karatasi ya kwanza ya labo asiitupe. Baada ya majuma 4 mpaka 6 arudilie gama-GT ku labo ileile, kisha aweke namba mbili zake pembeni: ile ya mbele na ile ya nyuma. Hapo hahitaji tena mpaka wa baba wala wa mama, anajilinganisha na yeye mwenyewe.